Pedi Zilizolika Upande Mmoja

(Mazungumzo mbele ya makatibu na madereva wa vyama wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya breki za malori yetu madogo, yale yenye breki za diski katika magurudumu ya mbele. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katibu wa chama cha msingi, niliidhinisha ununuzi wa pedi za breki mara tatu katika msimu mmoja wa kahawa. Kila mara fundi alizitupa za zamani, akafunga mpya, nami nikatia sahihi. Kisha siku moja lori, likiwa limejaa magunia, lilivutwa kulia katika mteremko, likasimama ukingoni mwa korongo. Hakuna aliyeumia. Tulipofungua gurudumu la kushoto, pedi ya ndani ilikuwa imekwisha hadi kwenye chuma. Ya nje ilikuwa karibu nzima. Pini za kalipa zilikuwa zimeshikwa na kutu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pedi kuukuu zichunguzwe kabla ya kutupwa. Ikiwa ya ndani imelika kuliko ya nje, zitazamwe pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kisha pistoni. Ikiwa pedi imelika kimshazari, huenda pini zimelegea au pedi haikukaa sawasawa. Ikiwa pedi za gurudumu moja zimelika kuliko za mwenzake, na baada ya safari rimu yake ni ya moto zaidi, yawezekana pistoni imekwama au mpira wa breki umeziba kwa ndani. Gurudumu lililokaza likiachia mara skrubu ya kutolea hewa inapolegezwa, basi yaelekea kosa limo katika mpira.

Katika kubadili pedi, lori lisimame mahali tambarare na magurudumu ya nyuma yazuiwe. Likishainuliwa, liwekwe juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haiaminiki. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Vumbi lisipulizwe, kwa kuwa pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Pini zisafishwe, zipakwe grisi ya breki isiyoharibu mpira. Pistoni irudishwe polepole, huku kopo la mafuta ya breki likiangaliwa lisifurike. Pedi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Diski nayo ipimwe. Iliyopungua kuliko kipimo cha mtengenezaji haifai tena.

Kazi ikiisha, dereva akanyage pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, kabla lori halijaondoka. Asipofanya hivyo, kanyagio la kwanza barabarani laweza kwenda hadi chini bila breki kushika.

Makatibu hatuhitaji kuwa mafundi. Lakini tusitie sahihi hati ya malipo ya pedi mpya mpaka zile kuukuu zote nne zimeletwa ofisini, zimeandikwa kushoto na kulia, ndani na nje. Zikitofautiana, tumwulize fundi sababu, na jibu lake liandikwe katika daftari la gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mteremko, huenda asibaki wa kuujenga.