Bendi ndogo ianzie kwa mpiga dramu



Mtu akiombwa aunde bendi ndogo ya jazi iliyo bora, huanza kwa kuwataja mashujaa wa mbele: huyu wa tarumbeta, yule wa saksafoni. (Jazi inayozungumzwa hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, si dansi la Morogoro Jazz au Western Jazz, ingawa jina ni moja.) Mwanzo huo una kasoro.

Miles Davis, mwenyewe mpiga tarumbeta, alianzia nyuma. Mwaka 1963 alimchukua Tony Williams, kijana wa miaka 17, apige dramu; Ron Carter akashika besi, Herbie Hancock piano. Saksafoni ndiyo iliyochelewa kupata mwenyewe. George Coleman, fundi hasa, aliondoka mwaka 1964. Sam Rivers akapita kwa muda mfupi. Ndipo akaja Wayne Shorter, mpigaji aliye pia mtunzi, na kundi likatimia.

Sikilizeni "Nefertiti" ya mwaka 1967, utunzi wake Shorter. Tarumbeta na saksafoni zarudia sauti ile ile tena na tena, bila kutamba hata kidogo. Dramu ndizo zinazochemka, zikatulia, zikachemka tena. Wakubwa wawili wamekubali kukaa kando ili kijana wa miaka 21 asikike!

Basi anayeandika orodha yake na aanze na mpiga dramu, kisha ajiulize ni nani kati ya mashujaa wake wa mbele angekubali kupiga namna hiyo.