KIFUKO CHA SINDANO NA UZI

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Pili nawashukuru wote mlioacha meza zenu Mtaa wa Kongo, Uhuru na Mchikichi mkaja kukaa nasi. Kufunga biashara siku nzima hapa Kariakoo si jambo dogo, tunalijua hilo.

Ndugu zangu, Katibu ameshasoma taarifa na Mweka Hazina ameshataja mahesabu. Mimi nimeombwa nieleze habari ya hiki kifuko kilichofumwa ambacho kila mgeni amekikuta kwenye kiti chake. Nimesikia mmoja akiuliza, "Jamani, hiki ni cha simu au cha ugoro?" Hapana. Ni kifuko cha sindano na uzi. Ni kidogo, lakini kina historia ndefu, na kwetu sisi kimefanya kazi kubwa.

Bibi zetu wa pwani hawakuwa na mifuko kwenye nguo. Hela ilikaa kibindoni au ilifungwa fundo kwenye pembe ya kanga. Tambuu ilikaa kwenye kijaluba. Na hiyo kanga yenyewe imetokana na sindano. Karne ya 19 wanawake wa huku kwetu walinunua leso, wakachukua vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga kwa mkono ikawa nguo moja ya kujifunga. Baadaye ndipo wenye viwanda wakaiga. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba akina mama wa pwani walisubiri kufundishwa kushona.

Wenzetu wa Ulaya nao yaliwakuta hayo hayo. Miaka ya 1790 zilipoingia gauni nyembamba zisizo na nafasi ya mfuko, wanawake wakaanza kubeba vifuko vidogo mkononi, vingine vya kufumwa. Askari wa Uingereza naye alikuwa na kifuko cha kukunja chenye sindano, uzi na vifungo, ajishonee mwenyewe huko vitani. Kifuko hicho walikiita kwa jina la "mama wa nyumbani". Mnaona mambo! Mama yuko mbali, lakini jina lake limo kwenye mzigo wa askari.

Na sisi tunakaa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Walibeba mizigo ya vita kichwani, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu. Majina yao mengi hayajulikani. Kwa hiyo tulipotafuta kitu cha kufuma, tukasema tuige kile kifuko cha kukunja, lakini tukifanye cha kwetu.

Sasa nieleze kinavyofumwa, maana kitabu hiki kitabaki na watoto wetu watakisoma.

Chukua uzi wa pamba usio mnene sana, na sindano mbili za kufumia za milimita 3. Anza na vitanzi 36. Upana utakuja kama sentimita 15. Fuma kila mstari kwa mshono ule ule wa kawaida, usigeuze, mpaka upate urefu wa sentimita 34. Vuta uzi sawasawa. Ukifuma kwa kulegeza, sindano zitatoboa na kukuchoma kiunoni, usije ukatulaumu.

Ukishafunga vitanzi, kata kipande cha kanga kuukuu ukishone kwa ndani kiwe bitana. Sisi tunachagua upande wenye maandishi, ili mtu akifungua kifuko akutane na jina la kanga. Halafu kunja sentimita 12 za chini kwenda juu, ushone pembeni kulia na kushoto. Hapo umepata mfuko. Ugawe kwa mishono miwili ya kusimama upate vyumba vitatu: kimoja cha uzi, cha pili cha vifungo, cha tatu cha chaki na futi ya kupimia. Juu ya mfuko, ndani, shonea kipande cha blanketi la sufu cha kuchomekea sindano na pini. Zile sentimita 10 zilizobaki ndizo kifuniko. Sokota uzi uwe kamba, ushonee kwenye kifuniko, kunja, zungusha, funga.

Neno moja la tahadhari: hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, sindano hushika kutu upesi. Usifunge kifuko kikiwa kibichi. Kianike kwanza.

Akina mama wenzangu, sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mnakumbuka mwaka 2023 serikali ilisimamisha kwa muda ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Wakati ule mwenzetu mmoja aliuguliwa na mtoto, naye mfuko wetu wa jamii alikuwa ameshautumia. Akaenda kwa wale wa kausha damu. Hawakumwomba kadi wala mdhamini. Walimwomba cherehani. Riba ilikuwa ya kila wiki. Wiki ya tano cherehani ikabebwa, tena mchana, majirani wakiangalia. Fundi bila cherehani ni nani? Alikaa ndani, mikutano akaacha kuja, kwa aibu.

Tulipomfuata alikuwa na sindano ya mkono tu na uzi kwenye mfuko wa rambo uliochakaa. Hapo ndipo wazo la kifuko lilipotoka. Tulikubaliana kila mwanachama afume vifuko viwili kwa uzi wake, fedha yote iende kukomboa cherehani. Tulikuwa 31. Vikapatikana vifuko 62.

Akatokea mfanyabiashara mmoja akasema atavichukua vyote siku hiyo hiyo, ila kwa bei inayorudisha gharama ya uzi tu. Kikao kilikuwa kikali. Wengine walisema, "Hela mkononi ni bora, mwenzetu anaumia." Hawakusema vibaya. Lakini tulipiga hesabu ubaoni: uzi, bitana, nauli, na jioni tano za kazi. Kwa bei yake cherehani isingerudi, na mikono yetu ingekuwa imefanya kazi bure. Tukakataa. Tukaviuza wenyewe, kwenye kitchen party, kwenye arusi, na kwa mafundi wa barazani. Ilituchukua miezi miwili. Cherehani ilirudi, na mwenye cherehani ndiye aliyeshona sare tulizovaa leo. Simtaji jina, ila makofi tafadhali!

Tangu hapo tuna kanuni mbili. Ya kwanza, mwanachama haweki rehani chombo chake cha kazi, iwe cherehani, mizani au jiko. Akibanwa, aje kwetu kwanza, hata usiku. Ya pili, fedha ya vifuko inakaa kwenye bahasha yake ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, kwa ajili ya dharura kama ile. Na kumbukeni kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na vikundi kama chetu visajiliwe. Muulize mkopeshaji leseni yake kabla hujaweka kidole kwenye karatasi. Akikasirika, jibu umeshalipata.

Mwezi ujao tutapiga kura. Wapo wanaotaka bahasha ile tuigawane kama faida ya miaka kumi. Ni haki yao kusema, na kura itaamua. Mimi maoni yangu nayatoa hadharani: tuiache. Faida ya hisa tugawane, hiyo ni jasho la kila mmoja. Lakini bahasha ya vifuko ni ya yule ambaye bado hajapatwa. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa mimi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikimwagwa, njaa haingoji tukijaze tena.

Mgeni rasmi, kifuko ulicho nacho tayari kina sindano moja na uzi mweusi. Wageni wengine watakaopenda kuongeza, meza ya Mweka Hazina iko pale mlangoni, na bei imeandikwa. Haipungui!