Kaniki ya Bibi na Pamba Yetu



Ukifika Ngarambe, wilayani Rufiji, utasimuliwa habari za Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904 alitumbukia majini, jamaa zake wakamlilia wakidhani amekufa. Kesho yake akaibuka mzima, na nguo zake, wasema wazee, zilikuwa kavu. Wengi tunaikumbuka habari hiyo kwa ajili ya maji yake. Leo naomba tuitazame nguo.

Nilipofika kijijini hapo nilikaribishwa kwa bibi mmoja. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwuliza wanawake wa zamani walijipambaje. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na sanduku.

Kwanza alinionyesha kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na ua wala maandishi. Hiyo ndiyo ya shamba, ndiyo ya uzazi, na mganga naye hujifunga hiyo. Pili akanitolea doti ya kisutu, khanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa desturi haina maneno. Ni nguo ya harusi. Alikuwa amemnunulia mjukuu wake. Tatu zilikuwa shanga za kiunoni. Hizo alinionyesha mara moja tu, akazifunika. "Hizi si za macho yako, mwanangu. Hizi ni za mwali na kungwi wake."

Sasa tujiulize: vitu hivi vilitoka wapi? Kaniki ililetwa na majahazi kutoka India. Marekani, ile nguo nyeupe, jina lake lenyewe linasema ilikotoka. Shanga za kioo zilitoka India na Ulaya. Hakuna aibu katika hilo. Nguo ni ya aivaaye, na bibi zetu waliipa kila moja siku yake, heshima yake na siri yake. Ndiyo maana ikawa mila yetu.

Lakini tusidhani kwamba watu wa pwani hii hawakujua kusokota. Kule Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba karne nyingi zilizopita. Ujuzi ulikuwapo.

Kisha akaja Mdachi. Kuanzia mwaka 1902 serikali yake iliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba kwa ujira mdogo mno, hata wengine wakakataa kuupokea. Pamba ile ilitakiwa na viwanda vya Ujerumani. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliing'oa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbiu ya Vita vya Majimaji. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907.

Tulipojitawala tulijaribu kurekebisha mambo. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na khanga zake zikavaliwa nchi nzima. Leo je? Wakulima wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza bado wanalima pamba, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa haijasokotwa hata uzi. Nasi tunangoja doti kutoka India.

Wapo watakaosema: ya nini kusumbuka, khanga za nje ni nafuu na rangi zake zinavutia. Ni kweli, mama mwenye watoto hutazama bei kwanza, na hatuwezi kumlaumu. Wa kuulizwa ni wenye viwanda na wenye kupanga uchumi. Mijini tunajifunga kaniki siku ya maonyesho, tunapiga makofi, tunasema tumeuenzi utamaduni. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Na huyu anayeishika mila lakini kila uzi wake anaununua kwa mwingine, tumwiteje?

Kabla sijaaga, bibi alinipa kile kisutu nimsomee maandishi madogo ya ukingoni. Nikamwambia kimetengenezwa India. Akakikunja taratibu, akakirudisha sandukuni.

"Kwani pamba yetu," akaniuliza, "inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nalileta swali hilo kwenu, hasa kwa wenye uwezo wa kulijibu kwa vitendo.