Jina Lako Si Cheo Chako

Somo letu ni Luka 19, mstari wa 1 hadi wa 10.

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa mkuu wa ofisi. Kila Jumapili nilimkaribisha mbele ya watu kwa kumwita Bwana Mkurugenzi. Alipotimiza miaka 60 alistaafu, na baada ya majuma machache hakuonekana tena kanisani. Nilipomtembelea, saa nne ya asubuhi, nilimkuta sebuleni amevaa suti na tai, hana pa kwenda. Akaniuliza, "Mchungaji, miaka tisa mmeniita Bwana Mkurugenzi. Sasa mnaniita nani?" Nilikosa jibu. Hata jina lake la ubatizo sikulikumbuka.

Mwaka 1997, huko Marekani, Amy Wrzesniewski na wenzake walitoa utafiti juu ya wafanyakazi 196. Waliona watu huitazama kazi kwa njia tatu: wengine hutafuta mshahara, wengine hutafuta kupanda cheo, na wengine huiona kuwa ni wito. Sasa, mtu anayeishi kwa cheo atafanyaje ngazi ikiisha? Hapa Kenya, mwaka 2009, Serikali iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Siku ile ilisogezwa mbele, haikuondolewa.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru. Watu wa Yeriko walimjua kwa kazi yake, wakamchukia kwayo. Lakini Bwana Yesu alipofika chini ya mkuyu, alimwita kwa jina lake, akaingia nyumbani mwake.

Basi nilirudi kwa yule mzee, nikamwomba msamaha, nikamwuliza jina lake. Jumapili iliyofuata alikuja, akaketi nyuma. Bado ana huzuni, lakini anakuja.

Ndugu yangu, jioni ya leo twaa karatasi, uandike wewe ni nani bila kutaja kazi yako. Karatasi ikibaki tupu, usiogope. Ipeleke kwa Mungu. Na kama una jirani aliyestaafu, mwite kwa jina lake.

Tuombe. Ee Bwana, unayetujua kabla ya kazi na baada ya kazi, utufundishe kutumika bila kujipoteza. Amina.