Raba ya Mazoezi Kwanza

Leo nazungumzia raba. Wengi wetu tunataka raba mbili kwa pesa ya raba moja: ya mazoezi na ya mtoko. Na pesa hiyo tunaimalizia kwenye ile isiyostahili.

Pita alasiri kwenye viatu vya mitumba pale mjini Babati. Muuzaji ana mswaki na maji ya sabuni, anasugua soli mpaka inatakata, anapaka rangi nyeupe pembeni, kisha anazipanga jozi juu ya turubai, zenye nembo kubwa zikiwa mbele. Mteja anainua kimoja, anatazama nembo, anauliza bei. "Orijino hiyo kaka, haijachoka." Wanapatana. Kesho yake kiatu kinakimbizwa barabarani, na goti likianza kuuma, lawama inaangukia umri.

Simlaumu muuzaji, wala siupigi vita mtumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba taratibu, lakini Rwanda ndiyo iliyoshikilia uamuzi huo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kwetu mtumba ulibaki. Kwa mama aliyeambiwa na daktari atembee kila siku kwa sababu ya sukari au presha, hiyo ndiyo njia yake ya kupata kiatu cha maana. Ninachokipinga ni kununua kwa macho.

Uhai wa raba ya kukimbilia uko kwenye lile povu la katikati ya soli, na povu hufa. Kwa kawaida hukadiriwa kudumu kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 5 mara nne kwa wiki anazimaliza kabla ya mwaka kwisha. Sasa ya mtumba imeshatumika sehemu ya safari hiyo kwa miguu ya mtu mwingine, na sabuni hairudishi povu. Kwa hiyo libonyeze kwa kidole gumba: likiwa gumu kama ubao, rudisha kiatu chini. Kikunje, kikunjike penye vidole, si katikati ya unyayo. Kiweke mahali tambarare ukitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelala upande, kitaulaza na mguu wako. Vaa vyote viwili, jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Ya mtoko ina mambo yake. Converse ile yenye nyota ilianza mwaka 1917 ikiwa ya mpira wa kikapu. Air Force 1 ya Nike, ya mwaka 1982, nayo ni ya kikapu, na Stan Smith ya adidas ilikuwa ya tenisi. Leo tunaenda nazo harusini na kanisani, na kijana wa Babati ana haki ya kupendeza. Ila soli ya raba ya mtoko haikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia kilomita kumi za lami. Wala raba hiyo haihitaji bei kubwa. Ngozi ikiwa haijapasuka na soli imeshonwa, fundi viatu ataitunza miaka mingi.

Najua nitaambiwa wazee walikimbia peku. Ni kweli, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Na mguu uliokulia peku kwenye udongo haufanani na wa mtu aliyekaa kwenye kiti miaka ishirini, akaamka siku moja na kuanza kukimbia. Mkoa wetu umewatoa wakimbiaji John Stephen Akhwari wa Mbulu na Fabiano Joseph wa hapa Babati, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Watu wa nchi ya wakimbiaji tuijali miguu.

Ndugu zangu wauzaji, tandikeni kipande cha boksi, mwacheni mteja avae vyote viwili atembee. Nawe mnunuzi, pesa ikitosha jozi moja tu, chukua ya mazoezi. Ya mtoko isubiri mbaazi zivunwe.