BREKI YA SUMAKU KWA MAGARI YA MILIMANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Njombe)



Twaomba uvumilivu wenu, maana neno letu la leo si la kalamu wala faili, ni la magurudumu. Walakini nani kati yetu asiyepanda basi? Toka Njombe hata Makambako ni kilometa 60 hivi za kupanda na kushuka, na aendaye Dar es Salaam hana budi kuteremka Kitonga.

Safari moja tulikuwa katika basi, ambalo mwenyewe tutamsitiri, tukasikia harufu ya kuungua mtelemkoni. Dereva akakanyaga breki, akakanyaga tena, isishike. Kwa rehema ya Mungu aliwahi kutia gia ndogo, gari likapunguza mwendo. Tangu siku ile tumekuwa wadadisi.

Breki ya kawaida hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huzaa moto; moto ukizidi, breki huteleza. Tulipiga hesabu, kama ilivyo desturi ya makarani: lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 300, nguvu ipasayo kuzuiwa yatosha kuchemsha madebe zaidi ya 10 ya maji baridi. Na moto huo wote uingie katika vyuma vichache vya magurudumuni!

Mwaka 1855 Foucault, mtaalamu wa Ufaransa, alionyesha kwamba sahani ya shaba ikizungushwa kati ya ncha za sumaku huwa nzito kuzungusha, nayo hupata moto. Katika miaka ya 1930 Raoul Sarazin akaitumia siri hiyo katika magari. Sahani za chuma hufungwa penye propela shafti, na kando yake koili za waya. Dereva afunguapo umeme wa betri, koili huwa sumaku. Ndani ya sahani huzuka mikondo ya umeme mfano wa maji yazungukayo mtoni, nayo hushindana na mwendo. Hakuna kitu kinachogusana. Moto hupeperushwa na mapezi ya sahani zenyewe.

Kule Makambako, reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hata 1975, huteremkia Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi. Injini za dizeli-umeme zina hila iliyo jamaa ya hii: mota zizungushazo magurudumu hugeuzwa kuwa mashine za kuzalisha umeme, na umeme ule ukateketezwa kuwa moto hewani.

Msidhani tunasema breki za zamani zitupwe. Gari likienda polepole sumaku hudhoofu, na likisimama haina nguvu hata kidogo. Haiwezi kulishikilia kilimani. Tena huzuia magurudumu yanayoendeshwa na injini tu, hivyo katika utelezi wa mvua zetu za Njombe dereva asiye mwangalifu aweza kuserereka. Chombo chenyewe ni kizito, na bei yake si ya mchezo. Ndipo wenye mabasi wakunjapo uso.

Hata hivyo twaona chama chetu kingeweza kuwauliza wenye mabasi tunaosafiri nao maneno mawili: gari lina breki ya namna hii, au nyingine ya kusaidia mtelemkoni? Na dereva amefundishwa kuitumia kabla ya kuanza kushuka, breki zingali baridi?