Mtoto wa Malengelenge Si Laana



Kuna watoto ambao ngozi yao ikiguswa tu inatoka malengelenge na kuchubuka. Sisi wenyewe tulikuwa tukinong'ona ati ni laana, ama mama kamuunguza. Tulikosea. Ni ugonjwa wa kurithi, hauambukizi. Pengine wazazi wote wawili wanaubeba bila dalili, basi asilaumiwe mama peke yake.

Kuanzia mwaka 2015, mjini Bochum, Ujerumani, mvulana wa miaka 7 aliyekuwa karibu kufa alitibiwa hivi: walichukua kipande cha ngozi yake, wakatia jeni isiyo na kasoro, wakaotesha ngozi mpya, wakampandikiza karibu asilimia 80 ya mwili. Ikashika, akarudi shule. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha tiba kama hiyo kwa aina nyingine ya ugonjwa huu. Bei? Zaidi ya dola milioni 3 kwa mgonjwa mmoja.

Hizo hatuwezi kuchanga. Tunaloweza ni hili: nguo laini, mishono ikae nje, lengelenge litobolewe kwa sindano safi ya hospitali, ngozi ya juu isibanduliwe, plasta ya kunata, hapana. Tuchange nauli ya kliniki. Na mama huyo akija kikaoni, tumpe kiti.